MBOGA NZURI NI IPI? MUULIZE ALIYEILIMA

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo wa Nachingwea na Ruangwa



Leo sikuja na kitabu. Nimekuja na fungu la nyanya, fungu la mchicha, na chupa tupu ya dawa ya wadudu. Chupa nimeiweka ndani ya ndoo, na naomba mtu asiiguse. Tutaisoma pamoja.

Siku hizi limefika neno kwetu: kilimo hai. Maana yake ni kulima bila mbolea ya chumvichumvi na bila dawa za wadudu za viwandani. Mkulima hutumia samadi, mboji, majivu na mwarobaini, na hubadilisha mazao shambani. Baadhi ya wakulima wa korosho wa huku kusini wamekwisha kuingia katika kilimo cha namna hiyo kwa ajili ya soko la nje. Sasa neno hilo limeingia na katika mboga za kula. Muuzaji anasema, "Hii ni ya asili, haina dawa," na papo hapo bei inapanda.

Mama mmoja aliniuliza hivi: "Mwalimu, fedha yangu ni ya fungu moja tu. Ninunue lile la bei kubwa wanaloliita la asili, au hili la kawaida ili watoto washibe?"

Swali hili ni zito, maana ndani yake mna afya ya watoto na mna fedha ya nyumba. Sikumjibu siku ile. Leo nataka tulijibu pamoja.

NYANYA ZA GULIONI

Kwanza niwasimulie. Siku moja nilikwenda gulioni kununua nyanya. Nikaona fungu linalopendeza, nyanya nyekundu, hazina hata tundu moja. Juu yake palikuwa na vumbi jeupe kidogo. Nikamuuliza mama muuzaji, "Mama, hizi zimepigwa dawa?"

Akajibu bila kuficha: "Nimepuliza juzi, mwalimu. Nisipopuliza zinaliwa zote na wadudu, na mtoto anadai daftari."

Nikamuuliza tena, "Na nyumbani mnakula hizihizi?"

Akacheka kidogo, kisha akanyamaza. Halafu akasema, "Sisi tuna tuta letu nyuma ya nyumba. Lile silipulizii."

Ndugu zangu, mama yule si mtu mbaya. Anajua kwamba dawa si chakula, ndiyo sababu amewatengea wanawe tuta lao. Lakini watoto wanaokula nyanya za gulioni nao wana mama zao.

Nikamwomba anionyeshe chupa ya dawa. Alikuwa nayo kwenye kapu. Tukaisoma pamoja, maana yeye pia ni mhitimu wa kisomo. Chupa ilisema kwa Kiswahili kwamba mazao yasivunwe mpaka zipite siku 7 tangu kupuliza. Yeye alivuna baada ya siku 2. Akaniambia, "Mwalimu, mlitufundisha kusoma kitabu. Hamkutufundisha kusoma chupa."

Maneno yale yaliniingia. Kosa lile lilikuwa letu sisi walimu pia. Ndiyo sababu leo nimekuja na chupa.

TUSOME CHUPA

Chupa ya dawa ina mambo manne ya kuangalia.

Kwanza, mstari wa rangi chini ya karatasi yake. Nyekundu ni hatari kubwa kabisa. Njano inafuata. Kisha bluu, kisha kijani. Hata yenye kijani ni dawa, si maji ya kunywa.

Pili, jina la zao. Dawa ya pamba au ya mikorosho usiipulizie mchicha.

Tatu, siku za kungoja kabla ya kuvuna. Katika siku hizo dawa inapungua nguvu. Anayevuna kabla ya siku kutimia anauza dawa pamoja na nyanya.

Nne, namba ya usajili. Dawa hapa nchini zinasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Dawa uliyopimiwa katika chupa ya soda haina rangi, haina siku, wala haina namba. Usiinunue hata ukipewa kwa bei ya chini. Na chupa tupu ya dawa isitiwe mafuta ya kula wala maji, hata ukiiosha mara kumi.

Msidhani kuwa dawa ikisifiwa leo itasifiwa siku zote. Wazee wanaikumbuka DDT. Ilisifiwa sana, ikatumika mashambani na majumbani. Baadaye ikaonekana kuwa haiishi upesi ardhini, na hujikusanya katika miili ya wanyama na ya watu. Mwaka 2001 mataifa yalifanya mkataba mjini Stockholm, nchi ya Sweden, wa kuziondoa dawa za aina hiyo. Tanzania iliuridhia mwaka 2004.

CHAKULA KIPI KINA HAJA YA KUULIZIWA?

Si kila chakula kina haja ya kulipiwa bei ya "asili". Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure.

Mihogo, viazi vitamu, mlenda, majani ya maboga na maembe ya uani kwa kawaida hayapuliziwi dawa kwetu. Mtu akikutoza bei ya juu kwa mlenda "usio na dawa", anakuuzia maneno.

Vyakula vya kuuliza sana ni nyanya, kabichi, bamia, biringanya na mchicha wa bustani za mabondeni. Hivyo wadudu huvipenda, na wakulima hupuliza mara kwa mara. Mtoto mdogo na mama mjamzito ndio wa kuchungwa zaidi. Kama fedha ya kuongeza ni kidogo, iongezwe hapo, si penginepo.

Sisi wa Nachingwea na Ruangwa tuna jambo jingine, nalo ni mikorosho. Wakati wa maua tunapuliza salfa kuzuia ubwiriunga. Wengine hupuliza na dawa za maji kuua mbu wa mikorosho. Vumbi na matone huanguka juu ya kisamvu na kunde zilizo chini ya mti. Salfa yatoka ardhini, na hata kanuni za kilimo hai huiruhusu. Lakini inachoma macho na kubana kifua. Basi, neno "asili" peke yake halitoshi. Wakati wa kupuliza, usichume mboga chini ya mikorosho wala kando yake.

Wako na walinzi wasionunuliwa dukani. Wale sungusungu wekundu wa mitini, majimoto, huwala mbu wa mikorosho. Wataalamu wamewachunguza, wakaona wanasaidia. Kwa hiyo usiwachome moto kwa sababu tu wanauma.

TUNUNUE WAPI?

Pahala pa kwanza ni nyuma ya nyumba yako. Tufanye hesabu. Tuseme fungu la mchicha wa kawaida ni shilingi 300, na la "asili" ni shilingi 500. Tofauti ni shilingi 200. Ukinunua mara 4 kwa juma, ni shilingi 800. Kwa majuma 4 ni shilingi 3,200. Hizo ni bei za mfano. Weka bei za gulio lako. Tuta moja la mchicha huanza kuvunwa baada ya majuma matatu au manne. Kiangazi maji ni shida, najua. Lakini maji yaliyoosha mboga na mchele yanatosha tuta dogo.

Pahala pa pili ni kwa jirani unayemjua. Umeliona shamba lake, na mkikosana mtakutana kisimani. Wanakisomo wa kijiji kimoja waweza kufanya kikundi, wakaandika kanuni zao katika daftari: tunapuliza nini, lini, na tunavuna lini. Kila mmoja akague bustani ya mwenzake. Daftari hilo liwe wazi kwa mnunuzi yeyote.

Pahala pa tatu ni gulioni. Huko uliza maswali matatu: Nani amelima? Amepuliza nini? Amepuliza lini? Anayejibu mara moja, kama yule mama, unaweza kuamua naye. Anayekasirika, mpite. Na usiogope mboga yenye matundu mawili matatu. Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Pahala pa nne ni maduka ya mijini. Huko waweza kuona chakula chenye alama ya Kilimohai. Alama hiyo ilitokana na kanuni za kilimo hai za Afrika Mashariki zilizopitishwa mwaka 2007. Chakula chenye alama kimekaguliwa. Lakini nauli ya kwenda mjini kutafuta nyanya ni kubwa kuliko nyanya zenyewe. Ukiwa mjini kwa shughuli nyingine, nunua. Usifunge safari kwa ajili hiyo.

BILA DAWA SIYO BILA HATARI

Sasa niwaonye. Chakula kisicho na dawa chaweza bado kuua.

Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walikufa kwa sumukuvu iliyokuwamo katika mahindi. Sumu hiyo hakuiweka mtu. Hutengenezwa na kuvu pale nafaka inapopata unyevu. Karanga zetu nazo huishika. Haitoki kwa kupika. Kwa hiyo karanga iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, itupwe, hata kama imelimwa kwa samadi tupu. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Hifadhi pakavu.

Samadi mbichi nayo huleta minyoo na kuhara. Basi mboga yote ioshwe kwa maji safi, ya dawa na ya samadi. Kuosha hupunguza vumbi la dawa lililo juu. Dawa iliyokwisha kuingia ndani ya nyanya haioshwi. Iliyobaki ndani huipunguza kwa kungoja siku zilizoandikwa.

JIBU LA MAMA

Mwaka 1975 wazazi wetu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vitabu vya kampeni ya Chakula ni Uhai. Somo lile halijaisha. Limebadilika tu. Wakati ule tuliuliza, "Tumekula cha kutosha?" Leo tunaongeza, "Kimekuzwaje?"

Kwa hiyo jibu langu kwa mama yule ni hili. Mama, watoto washibe kwanza. Mboga kidogo ya bei kubwa haizidi mboga ya kutosha. Lima mchicha wako. Nyanya nunua kwa mtu anayekujibu. Neno "asili" usililipie mpaka umeuliza.

Na wewe unayeuza, kumbuka tuta lako la nyuma ya nyumba. Ngoja zile siku 7. Mtoto wa mwenzio atakula salama kama wako.

Yule mama wa nyanya bado anapuliza, sitawadanganya. Lakini sasa ameandika kwa mkono wake, kwa kalamu nyekundu, kwenye kibao cha bustani yake: tarehe ya kupuliza, na tarehe ya kuvuna. Kila nikipita nakisoma.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Taja mboga tatu zinazopuliziwa dawa sana kijijini kwenu. Nani anazilima?
2. Chupa ya dawa uliyonayo nyumbani ina mstari wa rangi gani? Inasema ungoje siku ngapi?
3. Fanya hesabu ya mboga kwa nyumba yako kwa mwezi mmoja. Tuta moja lingekuokolea shilingi ngapi?
4. Kikundi chenu kingeandika kanuni zipi katika daftari?