Mwaka 1922 Usirukwe Darasani

Msikilizaji, mwalimu akiuliza darasani mwaka 1922 kulitokea nini, mikono itanyooka: Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama. Jibu ni sahihi. Lakini mwaka huohuo ndio sheria ya Tanganyika ilipoufuta utumwa, na kwa mtoto wa Kisiwa cha Bwejuu, kwa mtoto wa Mafia yote, jambo hilo huenda linaugusa ukoo wake mwenyewe.

Mafia ilikuwa nchi ya minazi. Mashamba yale yalilimwa na watumwa waliovushwa kutoka bara, na kisiwa kidogo cha Chole ndicho kilichokuwa makao ya wakubwa. Mjerumani alipoitwaa Mafia mwaka 1890 hakuufuta utumwa, aliuwekea kanuni. Mtumwa akipata fedha, ajikomboe. Mtoto aliyezaliwa baada ya mwaka 1905 akahesabiwa huru, mama yake akabaki mali ya mtu. Ifikirie nyumba hiyo: aliyebebwa mgongoni yu huru, aliyembeba si huru. Mwingereza akaiteka Mafia Januari 1915, na bado ikapita miaka saba kabla ya sheria kutoka.

Najua haya yanauma. Pwani yetu, kumwambia mtu kwamba babu yake alikuwa mtwana ni tusi, kwa hiyo wazee hunyamaza na mwalimu naye hupita haraka. Mimi nasema aibu ile ni ya aliyenunua binadamu, si ya aliyenunuliwa. Mtoto asipoambiwa hivyo shuleni, ataibeba aibu isiyo yake mpaka anaoa.

Sasa lipo somo la Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili. Mwalimu wa Bwejuu ana utajiri karibu. Magharibi ya kisiwa ni delta ya Rufiji, na huko Rufiji, Mohoro, ndiko Wajerumani walikomnyonga Kinjeketile Ngwale, mganga wa Maji Maji, tarehe 4 Agosti 1905, siku chache baada ya Wamatumbi kung'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu. Vita vya Maji Maji vilivyoanza hivyo vifundishwe kwa kuelekeza kidole ng'ambo ya maji.

Baadaye ndipo tufike mbali. Desemba 1955, Rosa Parks alipokataa kumwachia Mzungu kiti cha basi kule Montgomery, Marekani, Bibi Titi Mohamed alikuwa Dar es Salaam akiwaingiza wanawake TANU kwa maelfu, akipitia vikundi vyao vya ngoma. Mwanafunzi aliyeanza na shamba la minazi atawaelewa wanawake hawa wawili bila kukaririshwa.

Wajukuu wa walioachwa huru mwaka 1922 bado wapo, wengine wamepita miaka themanini. Walimu wetu wawaendee mwaka huu, kwa adabu na kwa ridhaa yao, wakiwa na daftari mkononi.