Kipimo cha Mkojo Kisigeuzwe Hukumu

Ndugu walimu na watumishi wa umma wa Nyakitonto, wapo wanaokichukulia kipimo cha mkojo kuwa ni hukumu. Kipimo hicho hueleza jambo moja tu, kwamba masalia ya dawa yanatoka mwilini. Hakielezi mtu alikuwa katika hali gani alipokuwa kazini.

Mfano ni mgonjwa wa kifua kikuu. Rifampisini huupa mkojo wake rangi ya chungwa saa chache tu baada ya kumezwa, na dalili za isoniazidi huonekana kwa muda wa siku moja hivi. Kwa hiyo aliyeacha vidonge wiki tatu, kisha akameza alfajiri ya siku ya kliniki, atafaulu mtihani huo kwa heshima zote! Ndiyo maana Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza mwaka 1977 kwa ushauri wa Dakta Karel Styblo, ulitaka mgonjwa ameze dawa mbele ya mhudumu.

Klorokwini, dawa kuu ya malaria hadi mwaka 2001, ilionekana hata wiki kadhaa baada ya dozi kwisha. Bangi nayo humfichua mvutaji wa mara moja kwa siku chache, na wa kila siku kwa mwezi au zaidi. Kodeini ya dawa ya kikohozi hugeuka mofini mwilini, ikamfananisha mgonjwa na mtumiaji wa heroini.

Basi mkuu wa shule aletewapo jibu chanya, aulize kwanza: mhusika alikuwa akitumia dawa gani za hospitali? Je, maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali imethibitisha? Barua ya kumsimamisha mwalimu kazi ingoje majibu hayo mawili.