Kabla ya kulipia msumeno, uzungushe kwa mkono

(Mazungumzo ya Jumapili, kama yalivyosomwa redioni)



Mtaani kwetu Temeke, hapa Dar es Salaam, yupo mzee mmoja aliyestaafu baada ya kufanya kazi ya ukarani kwa miaka 30 na ushei. Katika miaka yote hiyo starehe yake ilikuwa useremala. Jumamosi na Jumapili ungemkuta uani na randa na patasi, akitengeneza stuli, meza za chai na vitanda vya watoto wa majirani. Alipolipwa mafao yake, wanawe walimshauri anunue pikipiki ya biashara. Yeye akanunua mashine: msumeno wa umeme. Si ule wa duara ambao wengi tunaufahamu, bali msumeno wa mkanda, ambao mafundi wa Keko huuita bensoo.

Miezi mitano baadaye nilipita kumjulia hali. Mashine ilikuwa imefunikwa turubai, na kuku alikuwa ametagia juu ya meza yake.

"Shikamoo mzee. Vipi, kazi imesimama?"

"Marahaba, mwanangu. Mashine haikati. Mimi nachora mstari hapa, yenyewe inakwenda kwake. Natafuta mtu wa kumuuzia, kwa bei yoyote."

Mama wa nyumba hiyo alikuwa akichambua mchele kibarazani. Hakusema neno, lakini namna alivyoupeta ule mchele ilinitosha. Fedha ile ilikuwa ya wote wawili.

Mzee alikuwa amekwisha kuumia mara moja kabla ya hapo. Muuzaji hakumwambia, naye hakuuliza, kwamba mota ya mashine ile ilikuwa ya umeme wa njia tatu. Nyumba zetu nyingi, kama unavyojua, zina umeme wa njia moja, wa volti 230. Ikabidi atafute mota nyingine, na fundi wa kuifunga. Kwa hiyo, msikilizaji, kama nawe unaota karakana ndogo nyumbani, jambo la kwanza kabisa ni kusoma kile kibati kilichopigiliwa kwenye mota. Utaona njia, utaona volti, utaona nguvu. Kwa kukata mikunjo na vipande vyembamba, nguvu ya farasi mmoja au pungufu kidogo inatosha. Lakini ukitaka kupasua ubao mnene wa mninga kuwa mbao mbili au tatu nyembamba, tafuta farasi mmoja na nusu hadi wawili. Na kama umeme wa mtaani kwenu hupungua nguvu ifikapo jioni, usifanye kazi saa hizo, maana mota inayolishwa umeme mdogo huku inasukumwa hupata moto na hatimaye huungua.

Huenda wapo wanaojiuliza kwa nini mtu ahangaike na bensoo wakati msumeno wa duara upo na unakata haraka. Bensoo ina magurudumu mawili, moja juu na moja chini, na juu yake umevikwa mkanda wa chuma wenye meno usio na mwanzo wala mwisho. Mkanda huo, yaani bledi, hupita kwenye tundu la meza ukiteremka chini. Kwa kuwa unateremka, huubana ubao mezani. Haukurushii ubao tumboni kama ule wa duara unavyoweza kufanya. Tena njia yake ni nyembamba. Msumeno wa duara hula kama milimita tatu za mbao kila unapopita, bledi ya bensoo hula kama milimita moja. Kwa bei ya mninga, milimita hizo ni fedha. Isitoshe, hukata mikunjo: mguu wa kiti, ubavu wa kitanda, chochote chenye mviringo.

Asili yake si ya jana. Mwingereza William Newberry alipewa hataza ya mashine ya namna hii mwaka 1808, lakini haikufaa kitu kwa miaka mingi, kwa sababu bledi zilikuwa zikikatika pale zilipoungwa. Aliyepata njia nzuri ya kuunga alikuwa mwanamke wa Kifaransa, Anne Paulin Crépin, aliyechukua hataza yake mwaka 1846. Nalitaja hili kwa sababu ugonjwa ule wa kiungo bado upo. Unaponunua bledi, tafuta mahali ilipochomelewa na upitishe kidole kwenye mgongo wake, upande usio na meno. Ukihisi kigongo au pindo, irudishe. Bledi ya namna hiyo itagonga kila mzunguko, na haitakaa.

Sasa kuhusu ukubwa. Ukisikia bensoo ya inchi 14, hicho ni kipimo cha upana wa gurudumu lake. Kwa karakana ya nyumbani hiyo ni mashine ya kutosha sana. Zile za kawaida zenye shingo ya chuma cha kusubu hupitisha ubao wa kimo cha inchi 6, na kuna kipande cha kuongezea shingo kinachofikisha inchi 12. Angalia tu kwamba ukiongeza shingo na bledi hubadilika: ya kwanza huwa na urefu wa inchi 93 na nusu, ya pili inchi 105. Wapo walionunua dazeni nzima ya bledi kabla ya kujua hilo.

Wengi wetu tutanunua iliyotumika, wala hakuna aibu. Lakini usidanganywe na rangi mpya. Omba ichomolewe kwenye umeme, fungua milango yake miwili, kisha zungusha gurudumu la juu kwa mkono, taratibu. Tazama ukingo wake: je, unayumba? Lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi zimekwisha. Bonyeza kwa ukucha mpira uliovikwa gurudumu; ukiwa mgumu na wenye nyufa, utahitaji mpya. Beringi na mpira hubadilishwa, na unaweza kuombea punguzo. Kinachokufanya uage na kuondoka ni ufa kwenye shingo au gurudumu lililopinda. Halafu nenda na kipande chako mwenyewe cha mbao ngumu, na usitoe fedha mpaka kikatwe mbele ya macho yako. Muuzaji anayekwambia umeme umekatika, mwambie utarudi ukirudi.

Turejee uani kwa mzee. Nilikwenda na fundi mmoja wa Keko, mtu wa maneno machache. Aliondoa turubai, akamkabidhi mama yai lake, akachomoa waya wa umeme na kusugua bledi kwa kidole gumba. Ilikuwa butu. Ilikuwa ni ile ile iliyokuja na mashine.

Akavua bledi na kuyafuta magurudumu, ambayo yalikuwa yameganda unga wa mbao na utomvu wa paina. Akavisha bledi mpya, meno yakitazama chini. (Kama meno yanatazama juu, bledi imejigeuza ndani nje, ipindue tu kama unavyopindua soksi, ila kwa uangalifu.) Kisha akaikaza. Bledi iliyolegea ndiyo inayotanga ndani ya ubao mnene na kutoka imejikunja kama ndizi. Akazungusha gurudumu la juu kwa mkono huku akirekebisha skrubu ya nyuma, mpaka bledi ikakaa katikati ya mpira na kubaki hapo. Baada ya hapo tu ndipo alipogusa vile vishikizo viwili vya ubavuni vinavyoizuia bledi isiyumbe. Mzee alikuwa ameviacha wazi kiasi cha kupitisha sarafu. Fundi aliweka karatasi moja kila upande, akavisogeza mpaka vikagusa karatasi, akakaza, akazichomoa. Vikae nyuma ya mashimo ya meno, la sivyo vitayasaga. Beringi ya nyuma ya bledi akaiacha mbali kama nusu milimita: haigusi mpaka ubao unaposukumwa. Mwisho akasimamisha skwea mezani na kuinyoosha meza.

Halafu akafanya jambo ambalo mzee hakuwahi kuliona. Alichora mstari ulionyooka kwenye kipande cha paina, akaukata kwa mikono mitupu bila kuuegemeza ubao mahali popote. Alipofika katikati akausimamisha pale pale, akazima mashine. Ubao ulikuwa umekaa mshazari kidogo. "Hii ndiyo njia ya bledi hii," akasema, na akaifunga reli ya kuongozea mbao kwa mshazari ule ule. Kila bledi ina tabia yake, na ukiilazimisha njia yako itakupinga. Kazi yote ilichukua muda wa saa mbili, na gharama ilikuwa bledi moja na chai ya fundi.

Kuhusu bledi, hesabu yake ni kwamba angalau meno matatu yawe ndani ya mbao wakati wote. Kwa kupasua ubao mnene, chukua ya upana wa nusu inchi yenye meno matatu kwa inchi. Kwa mikunjo, ya robo inchi yenye meno sita. Ya nusu inchi haiwezi kukata kona kali, ukiilazimisha, itakatika. Na mbao zetu nazo zina mambo yake. Mninga ni mpole. Msaji una chembechembe kama mchanga zinazomaliza makali mapema. Mvule unaweza kuficha mawe, naam, mawe ya chokaa yaliyojijenga ndani ya mti ungali hai, na ukikutana nalo moja bledi imekwenda. Paina haina ukali, ila utomvu wake huganda menoni. Ufute kwa mafuta ya taa.

Niseme juu ya vidole, kwa sababu bensoo ina upole wa kudanganya. Hailii kama ule wa duara, na ukimya wake humfanya mtu asogeze mkono. Teremsha kikingio mpaka kibaki kama robo inchi juu ya ubao. Kidole gumba kisikae kamwe kwenye mstari wa bledi, na inchi za mwisho zisukume kwa kijiti. Usivae glovu, pete wala mikono mirefu inayoning'inia. Gogo la mviringo usilikate likiwa huru, kwani litabiringika na kuvuta mkono wako. Lifunge kwanza kwenye ubao. Ukisikia mlio wa tak-tak-tak, kiungo kinaachia. Zima, kaa pembeni, na usifungue mlango mpaka magurudumu yasimame kabisa.

Kuna na vumbi. Mwaka 1995 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi. Nunua barakoa ya vumbi, na fanya kazi penye hewa. Kwa sisi wa pwani kuna kutu pia: paka meza nta ya mshumaa, na ukimaliza kazi legeza bledi ili ipumzike.

Mzee hauzi tena. Wiki iliyopita nilimkuta anapasua mninga wa inchi 2 kwa ajili ya kabati la vyombo, ambalo mama ndiye aliyeliagiza na ndiye aliyetoa vipimo. Kuku wamehamishiwa banda jipya la paina, lenye mlango uliokatwa nusu duara kwa juu. Mimi nimeweka oda ya stuli mbili.