Usiandikie Mate na Wino Ungalipo



Wazee wetu walituusia kwamba tusiandikie mate na hali wino ungalipo. Usia huo ndio nitakaouzungumzia leo, nami nitaueleza kwa kisa cha maziwa, jokofu na kijana wa shule.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yawekwe katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa haba. Mwenzake mmoja aliyaweka maziwa yake bila ya kuyachemsha. Mpemba, kwa kuhofu kuikosa nafasi, akayaweka yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado.

Alipomwuliza mwalimu wake, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Safari hii jibu lilikuja na dhihaka: hiyo ilikuwa fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu.

Ndugu zangu, tuwe waadilifu. Waliomjibu hivyo hawakuwa wajinga. Walikuwa na kanuni za vitabuni, tena kanuni zenye heshima. Kosa lao lilikuwa moja tu: jokofu lilikuwapo, maji yalikuwapo, wala hawakupima. Hapo ndipo elimu inapogeuka kuwa imani. Tunapozisema imani zisizo na ushahidi, aghalabu twawanyoshea kidole wapiga ramli. Lakini msomi naye aweza kukishika kitabu kama wengine washikavyo hirizi.

Kisha Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, aliitembelea Mkwawa. Mpemba akamwuliza swali lake mbele ya wote, na wenzake wakamcheka. Osborne naye alilitilia shaka, ila aliahidi kulijaribu. Fundi wa maabara huko Dar es Salaam alipofanya jaribio, alileta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda. Akaongeza kwamba wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi!

Tumcheke fundi huyo, lakini na sisi tujicheke. Ni mara ngapi taarifa ya kijiji imerudishwa kwa sababu hesabu yake hailingani na makisio yaliyokwisha kuandikwa? Magunia yaliyovunwa ni machache, bali ofisi inataka mengi, basi kalamu huyaongeza. Taarifa hiyo itampendeza mkubwa wa kazi, lakini njaa haisomi taarifa. Atakayelipa gharama ya uongo huo ni mama asiye na unga wa kuwapikia watoto.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha maelezo yao katika jarida la Physics Education, na jina la kijana huyo likaenea duniani. Wengi wetu hukikomesha kisa hapo, tukapiga makofi. Mimi naomba tuendelee, maana sehemu iliyobaki ndiyo ngumu zaidi kwetu.

Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walipima tena kwa uangalifu mkubwa. Hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi. Walionyesha pia kwamba kukisogeza kipimajoto kwa kiasi cha sentimita moja kwaweza kuyabadili matokeo. Wataalamu wengine wana maoni tofauti, na mjadala ungali unaendelea.

Je, tuwakasirikie kwa kuwa Mpemba ni mwenzetu? Tukifanya hivyo, tutakuwa tumerudia kosa la wale waliomdhihaki. Wao waliamini bila ya kupima kwa ajili ya kitabu, na sisi tutaamini bila ya kupima kwa ajili ya fahari. Haki aliyostahili Mpemba haikuwa kukubaliwa papo hapo. Ilikuwa haki ya kusikilizwa, na neno lake kupimwa. Haki hiyo hiyo anayo anayempinga, maadamu naye amepima.

Ndugu mwalimu, mwanafunzi akikuletea jambo lisilolingana na kitabu, usimwambie amechanganyikiwa. Mwambie: twende tukalitazame. Ndugu mtumishi, hesabu ikikuudhi, nenda shambani ukahesabu tena, kisha uandike ulichokiona, kiwe kitamu au kichungu. Kubadili maoni baada ya kuuona ushahidi si aibu. Aibu ni kuuona ushahidi, kisha kuufumbia macho.

Wino ungalipo, ndugu zangu. Tuutumie.