Kijana Wenu Akitaka Kusoma Kichina au Kijapani

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, katika semina ya karo na misaada ya masomo)



Nimeona wengine wenu wamecheka waliposikia nitasema juu ya masomo ya Asia na kazi zake. Mzee mmoja hapo nyuma ameniuliza kama siku hizi tumeacha mambo ya mbuzi wa maziwa. Hapana mzee, hatujaacha. Lakini vikundi viwili vimenijia na swali moja. Kijana amemaliza Kidato cha Nne, amepita vizuri, hataki ualimu wala uuguzi, anataka kusoma Kichina. Je, kikundi kimchangie? Na tayari kuna bwana mmoja amefika pale nyumbani, kavaa tai, anasema atampeleka China kwa laki moja na nusu, zilipwe kabla ya mwisho wa mwezi ama nafasi ipotee. Mama ya kijana ameanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe.

Sasa, kabla ya ng'ombe kuuzwa, tujue tunanunua nini.

Mtu akisema anasoma masomo ya Asia, maana yake anajifunza lugha ya nchi moja ya kule, sema China, Japani, Korea au India, na pamoja na lugha anajifunza historia yao, dini zao, sheria zao, biashara yao na jinsi wanavyotawaliwa. Si kitu cha mbali kama tunavyofikiri. Hiyo laki ya yule bwana ni neno la Kihindi. Gari pia, na bima, na chapati tuliyokula asubuhi. Watu wa Asia wamekuwa wakija hapa na sisi kwenda kwao tangu kale. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba mwanaakiolojia Mkenya, Chapurukha Kusimba, pamoja na wenzake, walipata katika kisiwa cha Manda, huko Lamu, sarafu ya Kichina yenye jina la mfalme Yongle, aliyetawala miaka kama 600 iliyopita. Sarafu kama hiyo ikitoka mchangani, lazima awepo mtu wa kuisoma. Kwa nini asiwe mtoto wa hapa?

Na marehemu Profesa Wangari Maathai mnamkumbuka. Alipotembelea Japani mwaka 2005 alisikia neno lao moja, mottainai, la kusikitikia kitu kinachoharibiwa bure. Akalichukua, akalihubiri kila alipokwenda ulimwenguni juu ya kutunza mazingira. Neno moja tu, na alijua la kulifanyia.

Hapa kwetu mlango ulifunguka zaidi mwaka 2005, wakati Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungua Taasisi ya Confucius, ya kwanza katika Afrika nzima. Baadaye vyuo vikuu vingine vya Kenya vikafuata. Huko Kichina kinafundishwa tangu mwanzo kabisa, kwa mtu asiyejua hata salamu. Kuna wanaoziogopa taasisi hizi kwa sababu serikali ya China ndiyo inazigharamia, na vyuo vingine vya ng'ambo vimezifunga. Kile cha Chicago kiliachana nayo mwaka 2014. Maoni yangu ni kwamba kijana anaweza kujifunza lugha kwa mwalimu yeyote mzuri, lakini akili yake abaki nayo mwenyewe. Reli ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kubeba abiria mwaka 2017, kwa mkopo mkubwa wa benki ya China iitwayo Exim. Sehemu ya mikataba ya mkopo ule ilitolewa wananchi waione mwezi wa Novemba 2022 tu. Nchi inahitaji vijana wanaofahamu benki za kule zinafanyaje kazi na sheria yao inasemaje, wakae upande wetu wa meza. Hiyo ni kazi ya masomo ya Asia pia, wala si kutafsiri salamu tu.

Kazi gani nyingine? Ukalimani na kutafsiri, kuongoza watalii, kufundisha, kufanya kazi kwenye makampuni, balozi na mashirika. Kuna jambo vijana wetu hawalitilii maanani: kule Asia wanaitafuta lugha yetu. Redio ya China ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Radio Japan nayo ina matangazo ya Kiswahili. Kiswahili kinafundishwa katika Chuo Kikuu cha Osaka kule Japani, na katika Chuo cha Hankuk kule Korea. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilionyesha mchezo wa Kichina wa Mao Doudou ukiongea Kiswahili, na watu wakaupenda sana. Sasa maneno yale hayakuingia yenyewe, yalitiwa na watu. Kwa hivyo yule msichana anayedharau Kiswahili shuleni akitaka Kichina peke yake, mwambieni anashika jembe lisilo na mpini.

Lakini nisiwadanganye. Lugha peke yake ni kazi ya msimu. Mradi wa barabara ukiisha, mkalimani anarudi nyumbani. Ugonjwa wa korona ulipofunga mipaka mwaka 2020, waongoza watalii walikaa bila kazi, hata wenye lugha tatu. Anayedumu ni yule mwenye lugha pamoja na ujuzi mwingine: uhasibu, uhandisi, sheria, kilimo, udaktari. Mkiulizwa na kijana, ulizeni na nyinyi: Kichina na nini?

Pia aelewe ugumu wake. Kijapani kina herufi za picha 2,136 ambazo mtu aliyesoma anatarajiwa kuzijua, mbali na alfabeti zao mbili. Kikorea ni rahisi kuanza, kina herufi 24 za msingi, zilizobuniwa zamani za mfalme Sejong, lakini sarufi yake itamtoa jasho. Mtihani wa Kijapani una ngazi tano, ya chini inaitwa N5 na ya juu N1. Kijana anayejisifu kwamba anajua Kijapani, mwombeni kwa upole awaonyeshe cheti cha ngazi gani.

Haya, tuje kwenye pesa, maana ndipo machozi yalipo.

Ufadhili wa kweli wa serikali za kule hulipia karibu kila kitu. Wa Wizara ya Elimu ya Japani, ambao vijana wanauita MEXT, unapitia ubalozi wao Nairobi. Hakuna ada ya kuomba. Anayechaguliwa kwa shahada ya kwanza anakaa miaka mitano, na mwaka wa kwanza ni wa lugha. Nauli ya ndege inalipwa, karo inalipwa, na kwa miaka kadhaa posho imekuwa yen 117,000 kwa mwezi. Kuna na wa vyuo vya ufundi, miaka mitatu, nao pia mwaka wa kwanza ni wa lugha. Huu vijana wetu wengi hawaujui, wanadhani Japani ni ya wenye alama za juu kabisa peke yao. Korea nayo inatoa wake: mwaka mmoja wa Kikorea, kisha lazima apate ngazi ya tatu katika mtihani wao ndipo aingie darasa la shahada. Kwa Korea na kwa China, anayeomba shahada ya kwanza awe chini ya miaka 25. Kwa hiyo kijana akikaa nyumbani miaka sita akingoja wajomba wachange, mlango unafungwa. India pia hutoa nafasi kupitia baraza lao la uhusiano wa utamaduni, na wengi husomeshwa kwa Kiingereza.

Nafasi ni chache, na wanaoomba ni wengi. Lakini hakuna hata mmoja kati ya hizi unaohitaji bwana wa tai.

Nataka mtofautishe hapa. Kuna shule za lugha za kulipia mwenyewe, hasa Japani. Wakala humwambia mzazi: "Lipa sasa, mtoto akifika atafanya kazi, atalipa deni mwenyewe." Sheria ya Japani inamruhusu mwanafunzi kufanya kazi si zaidi ya saa 28 kwa wiki wakati wa masomo. Pigeni hesabu wenyewe. Kwa saa hizo alipe nyumba, chakula, karo ya shule na deni la ng'ombe? Vijana wengi wa Nepal na Vietnam wamefika kule na madeni ya namna hiyo, wakalala darasani kwa uchovu wa kazi za usiku, na waliozidisha saa wakahatarisha ruhusa yao ya kukaa nchini. Shule nyingine ni halali kabisa. Deni ndilo linaloua.

Na yule anayekuja na neno "masomo", halafu ukiuliza jina la chuo anasema utaambiwa uwanja wa ndege, jameni, huyo hapeleki mtu shuleni. Mwombeni barua ya kukubaliwa yenye jina la chuo, kisha katibu aende saiba aandikie chuo chenyewe, kwa anwani aliyoitafuta mwenyewe, si ile aliyopewa na wakala.

Basi kikundi kichangie nini? Kichangie vitu vidogo vinavyomkwamisha mtoto wa maskini kabla hajafika mlangoni: cheti cha kuzaliwa, ada ya pasipoti inayolipwa serikalini kupitia eCitizen, uchunguzi wa hospitali, kuthibitisha nakala za vyeti, nauli ya kwenda Nairobi siku ya mtihani na mahali pa kulala salama, hasa kwa wasichana. Kama kuna akiba kidogo, mlipieni darasa la kwanza la lugha muone kama atavumilia. Miezi mitatu itawaonyesha. Lakini pesa za chama zisiingie mkononi mwa wakala, na risiti zote zikae na mweka hazina, si kwa mzazi.

Katibu aandike na miezi. Ubalozi wa Japani kwa kawaida hutangaza kati ya Aprili na Juni. Korea, kwa shahada ya kwanza, mnamo Septemba. China, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi. Tarehe zenyewe hubadilika, kwa hiyo mtu mmoja apewe kazi ya kuangalia kila mwezi, na mbadala wake awepo akiugua. Vyeti visivyo na kasoro ya majina vitayarishwe mapema. Jina likiwa Wanjiku kwenye cheti kimoja na Wanjiko kwenye kingine, kulirekebisha huchukua miezi.

Yule mama wa ng'ombe yuko hapa leo. Mama, kijana aje aniione Alhamisi na matokeo yake ya mtihani, tuone ana umri gani na alama gani za hesabu.