Kabla Daktari wa Wanyama Hajafika: Ndege Mgonjwa katika Masisi na Walikale

Mada hii inahusu muda ambao mafunzo mengi ya tiba ya wanyama huuruka: tangu mwenye ndege agundue kwamba ndege wake anaumwa hadi daktari wa wanyama atakapomshika. Katika mji mkubwa muda huo ni wa saa chache. Masisi na Walikale, wilaya mbili za Kivu Kaskazini nchini Kongo, unaweza kuwa wiki nzima, na mara nyingi daktari hafiki kabisa. Barabara inayotoka Walikale, ikapanda Masisi na kuteremka Sake hadi Goma, hukatwa na matope msimu wa mvua, na vita huikata msimu wowote. Mwaka 2025 mapigano yalifika Masisi-centre na Goma mwezi Januari, kiwanja cha ndege cha Goma kikafungwa, na mwezi Machi yakafika mji wa Walikale. Hata daktari anapokuwapo, upande wa Masisi kwa kawaida ni daktari wa ng'ombe, kwani maziwa na jibini ndivyo vinavyoendesha maisha ya milima ile. Kuhusu kasuku hajui mengi. Hoja ninayoileta mbele ya washiriki wa semina hii ni kwamba katika muda huo wa kungoja, kazi ya mwenye ndege si kutibu. Kazi yake ni kuzuia nguvu za ndege zisiishe. Dawa inayotolewa kwa kubahatisha huziharibu nguvu hizo kuliko kuziokoa.

Msingi wa hoja hii uko katika mwili wa ndege mwenyewe. Joto la kawaida la ndege wengi ni kati ya nyuzi 40 na 42, wakati letu ni 37. Kulitunza joto hilo ndani ya mwili wa kasuku wa gramu 400 kunataka chakula kila mara, mchana kutwa. Akiba ya mafuta ni ndogo mno. Kasuku wa kijivu aliyekosa kula siku moja nzima tayari yuko hatarini, jambo ambalo si kweli kwa mbuzi wala kwa mtoto mwenye afya. Tena ndege huficha ugonjwa. Porini anayeonekana dhaifu ndiye anayechukuliwa kwanza na mwewe, kwa hiyo hujikaza, husimama wima mtu anapoingia, hata hujifanya anadonoa chakula bila kumeza. Anapoanza kukaa chini ya tundu, manyoya yamevimba, macho nusu yamefumba na mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi, ugonjwa si wa leo. Mwenye nyumba anasema umeanza asubuhi hii. Ndege amekuwa akipambana nao siku kadhaa, na akiba imekwisha. Hapo kila kitu kinachomtaka atumie nguvu, iwe baridi, hofu, kelele za watoto, kushikwashikwa au kubebwa juu ya pikipiki, kinakata katika kile kidogo kilichobaki.

Kwa sababu hiyo joto ndilo la kwanza, na hapa wilaya zetu mbili zinatofautiana. Kasuku ni ndege wa msitu wa bonde, wa Walikale, anayekula ngazi za michikichi mahali ambapo usiku hauna baridi kali. Biashara humpandisha hadi Masisi, penye malisho ya ng'ombe na vijiji vilivyo juu ya mita 2,000, ambako alfajiri mtu hatoki bila koti. Ndege mzima anaweza kuizoea hali hiyo pole pole. Ndege mgonjwa hawezi. Inatosha boksi la katoni lililotobolewa matundu ubavuni, kitambaa safi chini, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa na kuwekwa upande mmoja tu wa boksi. Neno "upande mmoja" nalisisitiza: ndege lazima awe na mahali pa kusogea anapoona joto limezidi, maana yeye ndiye kipimo bora kuliko sisi. Akijikunja na kuvimbisha manyoya, bado ana baridi. Akiachama mdomo, akatweta na kuziachanisha mbawa na mwili, amezidiwa na joto, chupa iondolewe. Nyuzi 29 hadi 32 ndani ya boksi ni kiasi kinachofaa, na maji hubadilishwa kabla hayajapoa, usiku pia. Kijiti cha kusimamia kishushwe karibu na sakafu au kitolewe kabisa, asije akaanguka.

Wengi wakisikia joto hufikiria mbabula, yaani jiko la mkaa. Hilo ni kosa linaloua haraka kuliko ugonjwa wenyewe. Mapafu ya ndege hayafanyi kazi kama yetu: yameunganishwa na vifuko vya hewa vilivyotapakaa mwilini, na hewa hupita katika mapafu kwa mwelekeo mmoja, hivyo ndege huchukua oksijeni nyingi zaidi kwa kila pumzi, na sumu vilevile. Waingereza waliutumia udhaifu huo kwa karne ya 20 karibu yote. Katika migodi ya makaa ya mawe waliteremka na kanari ndani ya tundu ili ndege alewe gesi ya kaboni monoksaidi kabla ya mchimbaji, na utaratibu huo ulikomeshwa mwaka 1986. Kulikuwa hata na tundu lenye chupa ndogo ya oksijeni juu yake, ili kanari aliyeanguka azinduliwe. Mtu anaweza kucheka, lakini wale walijua thamani ya ndege wao. Nyumba ya mbao iliyofungwa madirisha kwa ajili ya baridi ya Masisi, na mbabula ya mkaa katikati, ni mgodi mdogo. Maji yachemshwe nje au jikoni, chupa ndiyo iletwe kwa ndege. Na kwa kuwa ndege hana kiwambo kama chetu cha kumsaidia kupumua, kifua chake lazima kiwe huru kupanuka: mtu anayemshika kwa kumkaza kifuani, hata kwa upendo, anamziba pumzi.

Upande wa Walikale adui si baridi sana, ni unyevu. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa penye unyevu huota ukungu, na kasuku wa kijivu anajulikana kwa kushambuliwa na ugonjwa wa mapafu unaoletwa na ukungu huo. Karanga zilizobadilika rangi ambazo mtu hazili zisitupiwe ndege. Wakati wa ugonjwa si wakati wa kumbadilishia chakula: apewe kile alichokizoea, kikiwa laini na karibu na mdomo wake, kama mahindi mabichi yaliyochemshwa, viazi vitamu, papai au ndizi mbivu. Chumvi, kahawa na pombe ya ndizi si vyakula vya ndege. La kutajwa peke yake ni parachichi, ambalo Masisi limejaa na kila mtoto huona ni zawadi. Lina sumu iitwayo persini ambayo kwa mtu haina neno, lakini kwa ndege huharibu moyo na mapafu, na anaweza kufa kwa siku moja au mbili. Maji yawekwe katika kisahani kifupi. Kumimina maji mdomoni kwa nguvu ni hatari, kwa sababu tundu la koo la hewa liko mara tu nyuma ya ulimi, na ndege dhaifu hufa kwa maji yaliyoingia mapafuni wakati wenye nyumba wanaamini wamemsaidia.

Pingamizi kubwa dhidi ya msimamo huu linatoka kwa watu wenye uzoefu, si kwa wajinga. Wanasema: kuku aliugua, tukafungua kapsuli ya tetrasiklini ya farmasi, tukaitia katika maji, akapona. Sikatai kwamba alipona. Nauliza alipona kwa nini, na kuku wangapi waliokufa baada ya kapsuli hawahesabiwi katika simulizi hiyo. Tupige hesabu. Kapsuli ya miligramu 250 imepimwa kwa mtu mzima, tuseme wa kilo 60. Kasuku wa gramu 400 ni mwepesi mara 150. Akiimeza yote amepata sawa na miligramu 625 kwa kila kilo ya mwili. Ikitiwa katika maji, hakuna ajuaye amekunywa kiasi gani. Dawa hubadilisha ladha, ndege huacha kunywa, na ndege aliyekuwa anaumwa sasa anaumwa na ana kiu. Aliyesoma zaidi atanijibu kwamba doksisiklini, ndugu wa tetrasiklini, ndiyo dawa halisi ya homa ya kasuku. Ni kweli, na mfano huo unanisaidia mimi: kawaida ya tiba hiyo ni siku 45, kwa kipimo cha uzito. Anayeitoa siku tatu kwa kukadiria hakuwaua bakteria, amewafundisha kuishi na dawa, kisha daktari atakapofika vipimo havitaonyesha kitu. Na virusi vya Newcastle, kideri kinachofagia mabanda ya kuku, havina kapsuli inayoviua. Kinga yake ni chanjo kabla ya ugonjwa.

Homa ya kasuku inaleta pingamizi la pili, la wale wanaosema kwamba ndege mgonjwa atolewe nyumbani mara moja, maana watoto ni muhimu kuliko yeye. Hofu yao ina msingi. Bakteria wa ugonjwa huo huingia kwa mtu kupitia vumbi la kinyesi kikavu na manyoya, na huleta homa, maumivu ya kichwa na kikohozi kikavu, dalili ambazo katika zahanati zetu zitaitwa malaria au nimonia. Lakini kumtupa ndege nje hakuuondoi ugonjwa, kunausambaza kwa kuku wa jirani. Kumtenga ndani ya boksi, chumba kisicholalwa na mtu, mlezi akiwa mmoja, ndicho kinachowalinda watoto na ndicho kinachompa ndege utulivu anaouhitaji. Kinyesi kilowanishwe maji kabla ya kufutwa, kisifagiliwe kikavu, na mikono ioshwe kwa sabuni. Mlezi akipata homa, amwambie muuguzi kwamba amekuwa na ndege mgonjwa; maneno hayo machache yanaweza kubadilisha tiba nzima. Na ndege wengi wakifa kwa mpigo, kama wale wa porini waliokutwa wamekufa kando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda mwezi Januari 2017 kwa homa ya mafua ya ndege, hapo hakuna huduma ya nyumbani: wasiguswe, wasiliwe, chifu na ofisi ya mifugo wapewe habari siku hiyohiyo.

Kuna suala la sheria, na semina hii isilikwepe. Kasuku wengi wanaofika nyumbani wakiwa wagonjwa hawakuzaliwa kwenye tundu. Wamenaswa kwa ulimbo msituni, wakakatwa manyoya ya mbawa, wakasafirishwa wamesongamana. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliotolewa porini imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES, baada ya uamuzi wa mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016. Je, kumfundisha mtu kumtunza kasuku mgonjwa si kumsaidia mwindaji? Ingekuwa hivyo kama huduma hiyo ingekuwa mwisho wa safari. Nadai iwe mwanzo wake: ndege atiwe nguvu, kisha ICCN, taasisi ya taifa ya kuhifadhi maliasili, waarifiwe. Kituo cha Lwiro, kilichoanzishwa mwaka 2002 Kivu Kusini karibu na Hifadhi ya Kahuzi-Biega, kinajulikana kwa sokwe, lakini kimepokea pia kasuku waliokamatwa. Kabla hajafikishwa huko, aliyenaswa na ulimbo asipakwe petroli wala mafuta ya taa, ambayo huchoma ngozi na kumlewesha. Pale palipo na gundi panyunyiziwe unga mlaini ili manyoya yasiendelee kugandamana, na usafi wenyewe uachiwe wataalamu. Ukucha uliokatika na kuvuja damu nao huzuiwa kwa unga huohuo, ukibanwa kidogo kwa kidole. Jeraha la wazi halitiwi unga.

Wapo watakaouliza kama inafaa kuzungumzia ndege mahali ambapo mama mjamzito hubebwa kwa machela. Swali hilo ni la haki, ila linadhani kwamba huduma hii inamnyang'anya mama kitu. Boksi, chupa, kitambaa na maji ya moto havimpunguzii yeyote dawa. Kinyume chake, kapsuli zinazomwagwa katika maji ya kuku zilinunuliwa kwa fedha ya nyumba, na bakteria waliozizoea watarudi kwa watu. Familia nyingi zilizokimbia kutoka Nyabiondo au Kitchanga, huko Masisi, zilibakiwa na kuku wawili watatu kama akiba pekee, na kuku huyo hutunzwa kwa njia hizihizi za joto, utengo na maji.

Kinachobaki ni kumwandalia daktari kazi yake. Karatasi nyeupe itandikwe chini ya ndege na kuangaliwa kila asubuhi: kinyesi cha kawaida kina sehemu ngumu ya kijani au kahawia, sehemu nyeupe kama chokaa, na maji kidogo. Kijani kibichi cha kung'aa, damu, au weupe uliogeuka njano viandikwe pamoja na saa. Ndege apimwe uzito kila siku saa ileile, na hapa tuna bahati ambayo miji mingi haina: masoko ya machimbo ya dhahabu yana wanunuzi wenye mizani ya kupima gramu. Kasuku akipungua gramu 40 kutoka 400, hali ni mbaya, na daktari aliye Goma au Bukavu atalielewa hilo kwa simu haraka kuliko maelezo marefu. Picha ya karatasi ile na tarakimu za uzito zitumwe mara mtandao unaposhika. Naomba ofisi za mifugo za wilaya zote mbili zibandike sokoni, kwenye zahanati na kwenye farmasi namba moja ya simu ya daktari wa wanyama anayepokea ujumbe wa aina hiyo, na wauza dawa waombwe kumwelekeza kwenye namba hiyo kila anayenunua kapsuli kwa ajili ya ndege.