Sumu au Kinyesi? Mto Mara na Pumzi ya Samaki



Machi 2022 maji ya Mto Mara, upande wa Tanzania, yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Wengi walishuku sumu ya migodini. Kamati ya serikali ikaja na jibu la kinyesi na mkojo wa mifugo, na watu wakalicheka. Mimi sikucheka. Kilichonisumbua ni lile swali, "sumu au kinyesi?", kana kwamba kinyesi hakiui.

Hebu tufunue shavu la sato. Ndani mna matamvua, nyuzi nyekundu zilizojipanga safu kwa safu, na utando unaotenga damu na maji ni mwembamba mno. Sharti uwe hivyo. Lita moja ya maji ya nyuzijoto 25, hata yakishiba hewa, hubeba yapata miligramu 8 za oksijeni; lita ya hewa tunayovuta ina zaidi ya mara thelathini ya hizo. Samaki anaishi kwa kubangaiza. Bakteria wanaoozesha kinyesi wakianza kuitumia akiba hiyo ndogo, yeye hubaki akitweta.

Mwaka 2018 mtafiti Christopher Dutton na wenzake walichapisha utafiti wao wa Mara upande wa Kenya, kwenye viboko zaidi ya 4,000. Kiangazi kinyesi cha viboko hao hutuama katika vidimbwi hadi oksijeni inakwisha. Mvua kubwa ikinyesha, maji yale husukumwa pamoja na amonia na salfaidi ya hidrojeni, na samaki walio upande wa chini wa mto hufa. Viboko, tena, ambao hakuna anayeweza kuwapiga faini.

Wavuvi wana kipimo chao. Kambare na kamongo hupanda juu kuvuta hewa. Wakionekana wazima huku ningu na sangara wamekufa, mshukiwa wa kwanza ni ukosefu wa oksijeni. Ni dalili tu, haitoshi kuifutia migodi tuhuma.

Tena visababishi husaidiana. Tope la mashamba na machimbo hukwaruza matamvua. Samaki hujikinga kwa ute, na ngozi ya matamvua hunenepa. Kinga hiyo hiyo huizuia oksijeni kupenya. Samaki huyo huonekana mzima sokoni, lakini oksijeni ikipungua kidogo tu, ndiye wa kwanza kuzidiwa. Ningu ana balaa zaidi, maana hupanda mto kutaga majira ya mvua, akikutana uso kwa uso na maji yaleyale machafu.

Kwa hiyo oksijeni ipimwe kwenye Daraja la Kirumi, linalovuka Mto Mara, alfajiri, mvua za kwanza zinapoanza, kabla samaki hawajaelea. Na wakifa, matamvua yatiwe fomalini palepale ukingoni. Kwa joto letu huoza upesi, na yakishaoza maabara haitaona kitu.